Samuel Beckett, mwandishi na mwongozaji wa maigizo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi humfahamu Beckett kwa mti mmoja na watu wawili wanaomngoja mtu asiyetokea, katika tamthilia yake Waiting for Godot. Si wengi wanaojua kwamba kwa miaka karibu ishirini alikaa kwenye viti vya ukumbi mtupu, daftari mkononi, akiongoza mwenyewe tamthilia alizoziandika. Majibu yaliyo hapa chini yanagusa maisha yake yote, ila yamekaa zaidi upande huo wa mwongozaji, kwa kuwa naamini ndiko Beckett anakoeleweka vizuri kuliko kwenye vitabu vya falsafa vinavyomzungumzia.

Kwa ufupi, Samuel Beckett ni nani?

Ni mwandishi wa Ayalandi aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1906, siku ya Ijumaa Kuu, huko Foxrock, kitongoji cha kusini mwa Dublin. Alifariki Paris tarehe 22 Desemba 1989. Aliandika mashairi, riwaya, hadithi fupi, tamthilia za jukwaani, michezo ya redio na ya televisheni, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na mara nyingi alijitafsiri mwenyewe kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mwaka 1969 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 aliongoza maonyesho Paris, Berlin na London, na michezo ya televisheni huko Stuttgart.

Alilelewa katika familia ya aina gani?

Familia yenye uwezo. Baba yake, William, alikuwa mkadiriaji majenzi. Mama yake, May, alikuwa muuguzi kabla ya kuolewa. Walikuwa Waprotestanti katika nchi ya Wakatoliki. Alisoma Portora, shule ya bweni iliyoko Enniskillen ambako Oscar Wilde alisoma kabla yake, kisha Chuo cha Trinity, Dublin, alikochukua Kifaransa na Kiitaliano. Alicheza pia kriketi, tena ya daraja la juu: aliichezea timu ya chuo dhidi ya Northamptonshire, na hadi leo ndiye mshindi pekee wa Nobel ya Fasihi ambaye jina lake limo kwenye kumbukumbu za mchezo huo kwa kiwango hicho.

Baba yake alifariki mwaka 1933, na pigo hilo lilimwangusha. Mapigo ya moyo yalimwendea mbio usiku, akashikwa na hofu asizoweza kuzieleza. Alikwenda London kutibiwa na Wilfred Bion, ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa katika tiba ya nafsi. Kwa mama yake kulikuwa na mapenzi mazito na ugomvi mzito, vyote kwa pamoja, na hali hiyo haikuisha mpaka mama alipofariki mwaka 1950.

Ni kweli alikuwa karani wa James Joyce?

Hapana, ingawa habari hii inarudiwa sana. Beckett alifika Paris mwaka 1928 kufundisha Kiingereza katika chuo cha École Normale Supérieure, akatambulishwa na rafiki yake Thomas MacGreevy kwa Joyce, mwandishi mwenzao wa Ayalandi aliyekuwa tayari na jina kubwa. Joyce alikuwa na macho mabovu, na vijana kadhaa walimsaidia kusoma vitabu na kuandika aliyoyatamka. Beckett alikuwa mmoja wao, kwa mapenzi yake, bila kuajiriwa. Alimpenda Joyce kiasi cha kuvaa viatu vya aina aliyovaa Joyce. Ilimchukua muda mrefu kutoka chini ya kivuli hicho.

Je, aliwahi kuchomwa kisu?

Ndiyo, Januari 1938, barabarani Paris, usiku. Aliyemchoma alikuwa kuwadi ambaye hawakujuana. Kisu kilipita karibu kabisa na moyo. Walipokutana mahakamani, Beckett alimuuliza kwa nini alifanya vile. Yule mtu akajibu kwamba hajui, akaomba radhi. Beckett hakutaka kuendelea na kesi.

Alipokuwa hospitalini alitembelewa na Suzanne Deschevaux-Dumesnil, mpiga piano waliyefahamiana kidogo tu hapo awali. Waliishi pamoja tangu kipindi hicho hadi Suzanne alipofariki Julai 1989, miezi mitano kabla yake. Ndoa waliifunga mwaka 1961, kimyakimya, Folkestone nchini Uingereza. Bila mwanamke huyu pengine tusingekuwa na Beckett tunayemjua: yeye ndiye aliyebeba miswada kutoka mchapishaji mmoja hadi mwingine mpaka Jérôme Lindon wa Éditions de Minuit alipoikubali, na yeye ndiye aliyempelekea mwongozaji Roger Blin tamthilia ya Godot.

Alifanya nini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia?

Vita vilipotangazwa Septemba 1939 alikuwa kwao Ayalandi, nchi isiyofungamana na upande wowote. Angeweza kubaki. Alirudi Paris. Wajerumani walipoiteka, alijiunga na kikundi cha siri kilichoitwa Gloria SMH kupitia rafiki yake Alfred Péron. Kazi yake ilikuwa kukusanya taarifa za nyendo za majeshi zilizofika kwenye vijikaratasi, kuzipanga, kuzitafsiri na kuzipiga chapa, kisha zikapigwa picha kwenye filamu ndogo na kupelekwa London.

Agosti 1942 kikundi kilisalitiwa na padri, Robert Alesch. Péron alikamatwa. Mke wake alituma simu ya maandishi ya kuwaonya, na Beckett na Suzanne wakatoka nyumbani kwao kabla Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, hawajafika. Walijificha huku na huko, wakatembea usiku, hadi kijiji cha Roussillon, kusini mashariki mwa Ufaransa, wakakaa huko mpaka vita vilipoelekea mwisho. Beckett alifanya vibarua mashambani ili wapate chakula. Péron alifariki mwaka 1945, muda mfupi baada ya kutolewa kambini. Beckett alipewa nishani ya Croix de guerre, na hakupenda kuizungumzia.

Baada ya hapo alifanya kazi ya mtunza stoo na mkalimani katika hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Ayalandi huko Saint-Lô, mji uliosambaratishwa na mabomu mwaka 1944.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mara nyingi Waiting for Godot husomwa kana kwamba imeshuka kutoka hewani. Watu wawili barabarani, viatu vinavyobana, karoti moja ya kugawana, kulala mtaroni, miadi na mtu ambaye huna hakika kama jina lake ndilo: hayo ni maisha ambayo Beckett na Suzanne waliyaishi. Katika matini ya Kifaransa wahusika wanataja hata Roussillon yenyewe na kuvuna zabibu kwa mtu aitwaye Bonnelly. Kwenye tafsiri ya Kiingereza majina hayo yaliondolewa.

Kwa nini aliandika kwa Kifaransa?

Alisema kwa Kifaransa ilikuwa rahisi kwake kuandika bila mapambo. Kiingereza chake cha ujana kilijaa mbwembwe za usomi. Mwaka 1945, akiwa chumbani kwa mama yake Foxrock, alitambua kwamba Joyce alikwenda upande wa kujua zaidi na kuongeza zaidi, na kwamba njia yake yeye ni kupunguza na kuondoa. Miaka mitano iliyofuata ndiyo iliyozaa Molloy, Malone meurt na L'Innommable, na katikati yake, kati ya Oktoba 1948 na Januari 1949, En attendant Godot, yaani Waiting for Godot, aliyoiandika ili kupumzika na riwaya.

Godot ni nani hasa?

Alan Schneider, aliyeongoza onyesho la kwanza Marekani, alimuuliza swali hilohilo. Beckett alimjibu kwamba angejua, angekuwa ameshalisema ndani ya tamthilia. Huo si ujanja wa kukwepa. Ukiingoja siri ya Godot utakosa kilichopo mbele yako: jinsi watu wawili wanavyoupitisha muda, wanavyogombana na kupatana, wanavyohitajiana.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 5 Januari 1953, Théâtre de Babylone, Paris, chini ya Roger Blin. London waliipata Agosti 1955 kupitia kijana Peter Hall. Miami, Januari 1956, watazamaji wengi waliondoka katikati kwa sababu walikuwa wameahidiwa vichekesho. Mwaka uliofuata kikundi cha San Francisco kiliiigiza ndani ya gereza la San Quentin, na wafungwa waliielewa bila kufafanuliwa. Rick Cluchey, aliyekuwa akitumikia kifungo humo, alianzisha kikundi cha maigizo gerezani, akaachiwa huru, na hatimaye akaja kuongozwa na Beckett mwenyewe.

Ilikuwaje mwandishi akawa mwongozaji?

Taratibu, na kwa kutoridhika. Tangu Godot alikuwa akikaa kwenye mazoezi ya Blin, halafu ya Schneider na ya George Devine pale Royal Court, London, akitoa maoni. Mwaka 1962, wakati wa mazoezi ya Happy Days, alimletea mwigizaji Brenda Bruce metronomu, kile chombo cha kupima mapigo ya muziki, akaiweka sakafuni ili asikie mwendo wa maneno anaoutaka. Mtu wa namna hiyo asingeweza kukaa kiti cha nyuma milele.

Mapema 1965 aliitwa Berlin, ukumbi wa Schiller, kuinusuru Godot iliyokuwa ikiandaliwa na Deryk Mendel. Mwaka huohuo aliongoza Paris mchezo wa rafiki yake Robert Pinget. Kisha Schiller wakamkabidhi jukwaa: Endspiel (Endgame) mwaka 1967, Das letzte Band (Krapp's Last Tape) 1969, Glückliche Tage (Happy Days) 1971, Warten auf Godot 1975, Damals (That Time) na Tritte (Footfalls) 1976, Spiel (Play) 1978. Kijerumani alikuwa nacho tangu ujana, alipokuwa akiwatembelea ndugu zake wa upande wa baba huko Kassel.

Mazoezi yake yalikuwaje?

Alifika ameihifadhi tamthilia nzima kichwani, tena kwa Kijerumani. Alikuwa na daftari la uongozaji lenye michoro ya kila mwendo: nani anasimama wapi, anageuka upande gani, anatembea hatua ngapi. Aliwaambia waigizaji wa Endspiel kwamba ndani ya tamthilia hiyo hakuna jambo la bahati mbaya, kila kitu kinalingana na kingine au kinakirudia. Kwa hiyo kutembea kwa Clov, mtumishi, kutoka jikoni hadi kwenye kiti cha bwana wake Hamm kulipangwa kama muziki unavyopangwa.

Godot ya 1975 ndiyo ningependa kila mwanafunzi wa maigizo aijue. Estragon, mmoja wa wale wawili wanaongoja, aliigizwa na Horst Bollmann, mfupi na mnene kiasi. Vladimir, mwenzake, alikuwa Stefan Wigger, mrefu na mwembamba. Kwenye matini Vladimir huingia baada ya pazia kufunguka. Beckett alibadilisha: wote wawili wapo tangu mwanzo, mmoja ameketi kwenye jiwe, mwingine amesimama karibu na mti. Estragon, alieleza, ni mtu wa ardhi, wa jiwe. Vladimir ni mtu wa mti, anaelekea juu. Na maleba yakafuata wazo hilo. Mmoja alivaa suruali ya mistari na koti jeusi, mwenzake suruali nyeusi na koti la mistari, na sehemu ya pili ilipoanza walikuwa wamebadilishana. Hakuna neno hata moja linalosemwa kuhusu nguo hizo. Mtazamaji anaona tu kwamba hawa wawili ni suti mbili zilizochanganywa, na hawawezi kutengana.

Tena alisimamisha mchezo mara kadhaa kwa ukimya uliopangwa, wahusika wameganda, ili kungoja kwenyewe kuonekane kwa macho. Walter Asmus, aliyekuwa msaidizi wake, aliyaandika mazoezi hayo, na kumbukumbu zake zinaonyesha mtu mpole, mwenye subira, anayepanda jukwaani mwenyewe kuonyesha jinsi ya kutembea.

Alifuta pia bila huruma maneno yake mwenyewe. Krapp, mzee wa Krapp's Last Tape, katika kitabu ana pua ya zambarau kama mchekeshaji wa sarakasi. Beckett alipomwongoza mwigizaji Martin Held mwaka 1969 aliiondoa pua hiyo. Mahali pake akaweka kitendo kidogo: Krapp anageuza kichwa polepole na kutazama gizani nyuma yake. Alimweleza Held kwamba kifo kimesimama pale, na mzee anakitafuta bila kujua. Nikilinganisha vitu hivi viwili, naona mwongozaji akimsahihisha mwandishi, na mwongozaji ndiye aliyekuwa sahihi.

Uhusiano wake na Billie Whitelaw ulikuwa wa namna gani?

Whitelaw, mwigizaji wa Uingereza, ndiye aliyemwamini kuliko wote. Mwaka 1973 aliigiza Not I, ambamo kinachoonekana ni mdomo tu unaomwaga maneno kwa kasi ya ajabu gizani. Wakati wa mazoezi alizidiwa na kizunguzungu, akaanguka. Mwaka 1976 Beckett alimwongoza katika Footfalls: mwanamke anatembea kwenye ukanda mwembamba wa mwanga, hatua tisa, anageuka, hatua tisa. Whitelaw alimuuliza kama mhusika huyo amekufa. Beckett akafikiri, akajibu kwamba tuseme tu hayupo kikamilifu.

Jibu hilo lilimtosha mwigizaji. Beckett hakuwa akieleza saikolojia ya mhusika. Alimpa mwendo, mkao wa mikono na mapigo ya sauti, hisia zikaja zenyewe. Haikuwa rahisi daima. Kwenye Happy Days ya 1979 walivutana, kwa kuwa kosa la neno moja lilimuumiza Beckett waziwazi.

Mbona aliwakatalia wengine kubadilisha kazi zake?

Hapa ndipo anapolaumiwa zaidi. Mwaka 1984 alipinga Endgame ya JoAnne Akalaitis huko Cambridge, Massachusetts, iliyowekwa ndani ya kituo cha treni za chini ya ardhi. Ikaonyeshwa, lakini tamko lake la kuikana likachapishwa kwenye programu ya onyesho. Mwaka 1988 alikwenda mahakamani Uholanzi kuzuia Godot iliyoigizwa na wanawake pekee, akashindwa.

Naelewa hoja yake: kwake maelekezo ya jukwaani ni sehemu ya tamthilia sawa na maneno, kama vile mapumziko yalivyo sehemu ya wimbo. Hata hivyo, katika suala la wanawake nadhani alikosea. Waigizaji wazuri wa kike hawaiharibu Godot.

Je, alikuwa na msimamo wowote wa kisiasa?

Alikuwa nao, na aliutekeleza kupitia haki za kazi zake. Mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa watunzi waliokataa tamthilia zao zionyeshwe Afrika Kusini kwenye kumbi zenye ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 John Kani na Winston Ntshona waliigiza Vladimir na Estragon katika ukumbi wa Baxter, Cape Town, uliokuwa wazi kwa watu wa rangi zote, na onyesho hilo likafika London mwaka uliofuata. Watu weusi wawili wakingoja kandokando ya barabara, katika nchi ile, miaka ile: tamthilia haikuhitaji kuongezewa neno.

Mwaka 1982 aliandika Catastrophe kwa heshima ya Václav Havel, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa gerezani Chekoslovakia. Ajabu ni kwamba mhusika mbaya humo ni mwongozaji wa maigizo, anayempanga mtu jukwaani kama sanamu. Beckett alijua vyema mamlaka ya kiti alichokalia.

Ayalandi ilimpokeaje?

Vibaya kwanza. Vitabu vyake kadhaa vilipigwa marufuku na bodi ya udhibiti. Mwaka 1958, Askofu Mkuu wa Dublin alipokataa kuendesha misa ya kufungua tamasha la maigizo kwa sababu ya kazi zilizotokana na Joyce na Sean O'Casey, Beckett aliondoa zake pia, na kwa muda akakataza zisionyeshwe nchini mwake. Siku hizi kuna daraja la Samuel Beckett juu ya mto Liffey, lililofunguliwa mwaka 2009, na ukumbi wenye jina lake ndani ya Trinity. Kwangu la maana zaidi ni lile la mwaka 1991, pale Gate Theatre ya Dublin ilipoonyesha tamthilia zake zote 19 za jukwaani katika tamasha moja.

Kwa nini hakwenda kupokea Nobel?

Habari zilimkuta Nabeul, Tunisia, alikokuwa mapumzikoni na Suzanne. Aliikubali tuzo, akamtuma Lindon Stockholm. Fedha nyingi aliwagawia wengine, wakiwemo waandishi na wasanii waliokuwa na shida.

Yale maneno ya kushindwa vizuri zaidi ni yake?

Maneno yenyewe, kwa Kiswahili, ni haya: “Jaribu tena. Shindwa tena. Shindwa vizuri zaidi.” Ni yake, yamo katika Worstward Ho ya 1983, na mcheza tenisi Stan Wawrinka ameyachora mkononi. Lakini kitabu chenyewe hakimpi mtu moyo wa kufanikiwa. Kinahusu lugha inayojaribu kusema na kushindwa, ukurasa baada ya ukurasa.

Je, ana uhusiano wowote na tamthilia ya Kiswahili?

Uhusiano wa moja kwa moja, hapana. Wahakiki wetu humtaja wanapojadili ubwege, yaani tamthilia zinazoyaonyesha maisha kama jambo lisilo na maana wala mantiki, hasa wanapofika kwenye Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1995. Ni mjadala mzuri, mradi tusimfanye mtunzi wa Zanzibar kuwa mwigaji. Ame na Zidi, wahusika wa tamthilia hiyo, wana njaa yenye siasa zake.

Nianze na kazi ipi, na je, tunaweza kuiigiza shuleni au mtaani kwetu?

Anza na Krapp's Last Tape. Ni mtu mmoja, meza moja, kinasa sauti na ndizi. Inachukua chini ya saa moja, na maumivu yake hayahitaji mwalimu. Kisha Godot, isomeni kwa sauti watu wawili kabla ya kufungua uchambuzi wowote, mkiheshimu kila palipoandikwa kimya. Halafu Footfalls. Riwaya ziache mpaka utakapokuwa umezoea sauti yake. Molloy ndiyo mlango wake mzuri.

Kuhusu kuigiza: kazi zote bado zina hakimiliki na zinasimamiwa na warithi wake, kwa hiyo onyesho la hadhara linahitaji kibali, na tafsiri pia. Ombeni mapema, elezeni ukumbi, tarehe na idadi ya maonyesho, wala msitegemee kuruhusiwa kuongeza muziki au kupunguza mistari.